Ndevu za Oseli

Nitacheka nikihadithia, lakini msidanganyike na kicheko changu, maana aibu hii ninayo bado, nalala nayo na kuamka nayo, na kama si nyinyi kunichokoa kila tukikaa ("Raya, hebu tuambie ilikuwaje ile ya Ibra") ningeichimbia shimo nikaipandia mtende juu yake. Basi leo nakuambieni yote, ili mjue kwamba mtu mzima mwenye kazi yake na gari yake anaweza kuharibu nyumba nzima kwa neno moja la Kiarabu, neno lenyewe fupi hata mtoto wa kunyonya analiweza.

Kwanza kitabu. Ni kitabu cha Kiingereza, majuzuu matatu manene, cha ulimwengu wa kubuni wenye majoka na miji ya barafu, na katikati ya majoka hayo kuna watu wawili wanaopendana, Tavrin na Oseli. Tavrin ni mlinzi wa lango la mji. Oseli ni tabibu wa majoka. Wote wawili wanaume. (Nimelisema sasa, mwanzo kabisa, kwa sauti, na mnaona, paa liko pale pale na chai yenu haijamwagika. Laiti ningelisema hivi hivi siku ile.)

Tavrin ana laana: kila akisema uongo, kiungo kimoja cha mwili wake kinageuka jiwe. Kwa hiyo ni mtu wa maneno machache, anapima kila anachosema, na Oseli naye ni mropokaji asiyejua kufunga mdomo, mwenye ndevu nyekundu ambazo upande mmoja ziliungua siku alipokuwa akimtibu joka mwenye jino bovu. Katika juzuu lote la kwanza hawaambiani "nakupenda" hata mara moja. Oseli anamshonea Tavrin glavu, na Tavrin anamwachia Oseli mlango mdogo wa lango bila komeo akijua atachelewa kurudi, basi, ndiyo mapenzi yao hayo. Mie nimekulia katika nyumba ambayo watu hawasemi kitu, wanakumenyea tu embe na kukuwekea kwenye sahani yako, kwa hiyo niliwaelewa watu hawa haraka kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote aliye hai. Msiniulize zaidi ya hapo.

Juzuu la pili ndilo lililonivunja. Oseli anasingiziwa kwamba kamwua joka wa mfalme kwa sumu, analetwa mbele ya baraza amefungwa minyororo, na mfalme anamgeukia Tavrin, anamwuliza, unamjua huyu? Akisema ndiyo, wananyongwa wote wawili. Tavrin anamtazama Oseli usoni na anasema, "Simjui huyu." Pale pale kidole chake gumba cha mkono wa kulia kinageuka jiwe, na Oseli anafukuzwa mji, yu hai lakini kakanwa.

Nililia. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu Izki, baada ya alasiri, nimerudi kutoka kazini Nizwa (napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, kwa hiyo majino mabovu ya majoka yalinigusa pia), nalia hadi pua imefura, na Bibi akaingia na sinia la tende.

Bibi ni mama yake baba yangu. Baba na mama walishatangulia mbele ya haki, na mimi na kaka yangu Saidi tumelelewa na Bibi huyu huyu, aliyekuja Oman kutoka Unguja keshakuwa mtu mzima, na Kiswahili chake kipo vile vile alivyokuja nacho, kimekunjwa vizuri kama nguo ya sanduku. Mie changu ananicheka kila siku. ("Kitabu yangu! Kitabu yangu! Nani kakusomesha, punda?")

"Kulikoni?" akauliza. "Nani kafa?"

Hapa ndipo ulipokuwa uamuzi mdogo ulionimaliza. Ningesema mafua. Ningesema kichwa kinaniuma. Lakini nikasema kweli.

"Hajafa mtu, Bibi. Nalilia watu wa kitabuni. Wanapendana, na mmoja kamkana mwenzake mbele ya mfalme."

Bibi akaliweka sinia chini, akakaa, akavuta mto mgongoni. "Hebu anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo. Na wallahi sikusema uongo hata mmoja, lugha yenyewe ndiyo iliyonisitiri. Kiswahili hakikuulizi mtu ni mwanamume au mwanamke, kinakuambia tu anakuja, anapenda, analia, mpenzi wake kachelewa, mwenzake anamngoja langoni, na unaweza kumhadithia mtu miezi mizima mapenzi ya wanaume wawili na usiteleze hata kidogo, maana hakuna mahali pa kutelezea. Nikasema moyoni, akiniuliza nitamjibu. Hakuniuliza. Nikadhani kishamweka Oseli kuwa mwanamke, nikamwacha. (Kumbe Bibi naye alikuwa kishawagawa kichwani mwake kwa namna yake, lakini hayo mtayasikia.)

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila siku nikirudi kutoka Nizwa, viatu sijavua, Bibi ananiita, "Njoo, Tavirini kaamkaje?" na mimi namhadithia kurasa nilizosoma kazini wagonjwa wakiwa kwenye kiti. Tukabishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko hadithi. Mimi nilikuwa upande wa Tavrin. Nilikuwamo katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa kitabu hiki, watu wa kila pembe ya dunia, tumegawanyika kambi mbili kwa ajili ya lile neno moja, na mimi nilikuwa wakili mkuu wa Tavrin, naandika kurasa kwa kurasa kwamba alimkana kwa kumwokoa, kwamba alitoa kidole chake, kwamba hayo ndiyo mapenzi yenyewe.

Bibi hakuyataka hayo.

"Kidole gumba!" alisema siku ile ya kwanza, akakinyanyua chake akakitazama. "Sasa atakulaje wali?"

"Bibi, wao hawali wali."

"Basi wanakula nini, barafu?" Akakishusha kidole. "Lakini haki yake. Mtu akikukana mbele za watu, hata iwe kwa kukuokoa, wewe unabaki umesimama pale na watu wanakutazama. Huyo Osele afanye nini na roho yake sasa? Akaitie achari?"

"Lakini yu hai, Bibi!"

"Yu hai ndiyo. Peke yake."

Nikayatafsiri maneno haya nikayaweka kwenye kundi, nikaandika tu "bibi yangu anasema", na watu wakampenda hadi wakawa kila juma wanauliza, bibi anasemaje leo? Nilijivuna. Nilimwona Bibi wangu kama hazina niliyoivumbua mimi. Nilikuwa na furaha siku zile, nakuambieni kabisa, sijawahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye kitu ninachokipenda, nikampata, na mtu mwenyewe ndiye aliyenilea.

Sasa twende Ibra.

Saidi alikuwa anaposa msichana wa Ibra, watu wa huko huko tangu na tangu, hawana nasaba na Unguja wala hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji, watu wazuri, wa heshima, wa mambo polepole. Ikapangwa siku ya wanawake kwenda kujuana. Shangazi Zuwena, mtoto wa kike wa pekee wa Bibi, akaja kutoka Sur kwa ajili hiyo, na Shangazi mnamjua, ni mtu wa kuogopa watu watasemaje hata akiwa peke yake chumbani. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba huku anakagua shela yangu. Tukaenda. Njiani nikamhadithia Bibi mwanzo wa juzuu la tatu, na tulipofika nilikuwa nimemwacha pabaya, Tavrin yuko kwenye jangwa la theluji anafuata nyayo ambazo hajui kama ni za Oseli au za maiti.

Makaribisho yalikuwa kama yanavyotakiwa, udi, matunda, halua, kahawa, na zile salamu za Waarabu wa bara ambazo mtu anakuuliza habari na wewe unajibu hakuna habari, hakuna kabisa, hata kama nyumba yako inaungua. Bibi alikaa mahali pa heshima karibu na mama wa bibi harusi, ambaye wote walimwita Mama Khalid. Kiarabu cha Bibi kinasikia kila kitu lakini kikitoka kinachechemea, kwa hiyo baada ya muda akachoka, akaniinamia sikioni.

"Hivi zile nyayo ni za Osele au si zake?"

Nikacheka. Ningeyafinya mapaja yangu nisicheke, lakini nikacheka, na Mama Khalid akasikia, akauliza kwa upole, bibi yenu anasema nini, nasi tufurahi. Bibi akajivuna jamani, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiarabu chake kwamba mjukuu wake huyu ni hodari wa hadithi, hajapata kusikia hadithi kama hii. Kisha akanigeukia. "Raya, wahadithie wenzio. Anza mwanzo."

Chumba kizima kikanigeukia. Shangazi akanitolea macho ya onyo, lakini onyo la nini hata yeye hakujua.

Nikafungua mdomo, na sentensi ya kwanza tu ikanigomea. Kiarabu, ndugu zangu, hakikuachii. Kila kitenzi kinataka kujua, huyu alikuwa au huyu alikuwa wa kike, kasema au kasema wa kike, kinakuuliza kila hatua kama askari wa mpakani. Tavrin alitoka mwanamume bila taabu. Nikafika kwa Oseli, macho yote yananitazama, posa ya kaka yangu iko juu ya lile sinia la halua, na nikamfanya mwanamke. Nikamwita hiya. Nikamnyoa ndevu, nikamvisha buibui, nikamfanya tabibu wa kike mwenye macho makubwa, na kila nikisema hiya nilihisi kama ninamsukuma mtu ngazini. Watu wa kundi langu wangeniua. Mimi mwenyewe ningejiua.

Na ubaya ni kwamba walipenda! Walimwonea huruma Oseli wa kike, miskini, miskini, na mmoja wa mabinti wa nyumba, Shamsa, anayesoma chuo Nizwa, akaruka, akasema, dada, kitabu hiki nakijua, sijakisoma lakini wasichana wenzangu wa bwenini wanacho! Akaitafuta picha ya jalada kwenye simu yake, Tavrin na kifua chake kipana kama mlango na kidole gumba cha jiwe mbele, na simu ikazunguka mkono kwa mkono, wanawake wakasema mashaallah. Nikapumua. Nikadhani nimevuka.

Simu ikafika kwa Bibi.

Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Ee! Kumbe Tavirini mwanamume kweli? Nami nikidhani Kiarabu kimekuponyoka!"

Hapo ndipo nilipojua. Miezi yote ile Bibi alikuwa amemfanya Tavrin mwanamke, mwanamke mkavu wa maneno anayelinda lango peke yake, mwanamke kama yeye mwenyewe, na ndiyo maana alikuwa akimkasirikia vile. Nikaiona akili yake inafanya hesabu, nikaiona kabisa.

"Ndiyo, Bibi," nikasema kwa Kiswahili, upole. "Tutazungumza nyumbani."

"Mbona wewe unawaambia Osele ndiye mwanamke? Osele si ana ndevu? Si ulinambia joka kamchoma ndevu?" (Kweli nilimwambia, lilinitoka siku moja nami nikalisahau.)

"Bibi, nyumbani."

Lakini Bibi si mtu wa kuwaachia wageni hadithi iliyokosewa. Aliona mjukuu wake kababaika mbele ya watu, akataka kunisaidia. (Kunisaidia! Hili ndilo linaloniuma kupita yote.) Akamgeukia Mama Khalid, akapiga makofi mawili madogo, akasema kwa sauti, "La, la, la. Osele rajul!" Na kwa kuwa aliona hawajafahamu kwamba ni mwanamume, akajishika kidevu, akazivuta chini ndevu ambazo hana, "Lihya! Lihya!" kisha akapuliza moto wa joka kwenye vidole vyake.

Hakuna aliyecheka. Simu ya Shamsa ilikuwa bado iko mkononi mwa mtu, Tavrin na kifua chake, na Oseli na ndevu zake wako hewani katikati ya chumba, na wanawake wale wote walikuwa wanajumlisha moja na moja. Mama Khalid akakitazama kikombe chake. Mmoja akaanza kukusanya maganda ya machungwa ambayo hayakuhitaji kukusanywa.

Shangazi Zuwena ndiye aliyekuwa wa haraka. Akamwekea Bibi mkono begani, akawaambia kwa Kiarabu kizuri, mtuwie radhi, mama yetu umri umefika, siku hizi anachanganya mambo, akili inakwenda na kurudi. Wanawake wakashusha pumzi, unaweza kuisikia, nyuso zikalainika, miskina, Mungu amponye. Kisha Shangazi, ili jambo likae sawa, akanigeukia mimi.

"Sivyo, Raya?"

Bibi akanitazama. Alikuwa amesikia kila neno, nimekuambieni Kiarabu anasikia chote. Mikono yake ilikuwa bado iko kidevuni.

"Aywa," nikasema.

Ndilo hilo neno, "ndiyo" ya Kiarabu. Bibi akashusha mikono, akachukua kikombe chake cha kahawa, akakitikisa kama mtu anavyofanya akitosheka, akamrudishia mwenye birika.

Nyumbani alinikalisha pale pale sebuleni.

"Wote wawili wanaume?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hilo nitalitazama mwenyewe na Mola wangu, sitaki unifunze wala usiniombe radhi kwalo. Nimewalilia wale watu, machozi yameshatoka, siwezi kuyarudisha." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Mie nakuuliza la pili. Mimi nimepotewa na akili?"

"Hapana, Bibi! Wallahi hapana, ilikuwa... posa, Bibi, wale watu..."

"Basi kamwambie shangazi yako."

Nikainuka, nikaenda. Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi, yuko kwenye simu na Saidi, anamwambia wamekubali, wamefurahi, alhamdulillahi, isipokuwa mama tu miskini katutia aibu kidogo lakini wamefahamu, hata Raya kanisaidia kuwaeleza. Nikasimama pale. Nikafikiri, nikisema Bibi hakukosea basi Oseli ana ndevu, na Oseli akiwa na ndevu basi Raya anasoma nini kila siku, na kwa nini, na kwa nini alie, na Saidi je, na watu wa Ibra je. Nikarudi. Bibi alikuwa ameniangalia muda wote kutoka kwenye kiti chake, kaniona nimefika mlangoni na kaniona nimegeuka.

Sikujua kwamba jambo kama hilo halikai ulipoliweka. Shangazi hakurudi Sur, alibaki "kumwangalia mama", na mtu akishaambiwa kaanza kuchanganya basi hata kupiga chafya ni dalili. Bibi akisahau chumvi, dalili. Akiniita Zuwena, jambo analolifanya tangu nizaliwe, dalili. Akikataa kujibu, dalili kubwa. Wakaufunga mtungi wa gesi asijiunguze. Wakamnyang'anya ufunguo wa stoo ya tende. Akazuiwa kwenda peke yake kwenye shamba letu dogo kando ya mfereji wa falaji, mahali alipokuwa akienda kila asubuhi kuyatazama maji yakipita na kuwakaripia vibarua. Na kila wakimnyang'anya kitu, Shangazi alisema, "Si mimi peke yangu, hata Raya anajua," na Bibi alinitazama, na mimi nilikuwa nina kitu cha kufanya jikoni.

Hadithi aliikataa. Nilijaribu. Nikamwambia, Bibi, zile nyayo zilikuwa za Oseli kweli. Akageukia ukutani. Kwenye kundi wakaniuliza, bibi anasemaje kuhusu juzuu la tatu? Nikawaandikia yu mzima na anawasalimu.

Mwisho Shangazi akataka apimwe, na Saidi akatupeleka Nizwa, sote wanne, kwa daktari wa mambo hayo ya kumbukumbu. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kwa Kiarabu, na Bibi, ambaye anasikia, akakaa akingoja Saidi amtafsirie kwa Kiswahili, kisha akajibu kwa Kiswahili. Huu mwaka gani? Akasema. Tuko mji gani? "Nizwa, na mmenileta kwa njia ndefu." Watoto wako wangapi, walio hai na waliokufa? Akawataja wote, na siku walizozaliwa zilivyokuwa, mvua au jua. Daktari akawa anatabasamu, na mimi moyo wangu ukaanza kufunguka, nikasema, alhamdulillahi, anatoka hapa na akili yake mkononi, na hakuna atakayehitaji kusema kitu.

Kisha daktari akatunyooshea kidole mmoja mmoja. Huyu? "Zuwena, mwanangu." Huyu? "Saidi, mjukuu wangu, anaoa Ibra." Akaninyooshea mimi. Na huyu?

Bibi akanitazama usoni. Akanitazama hivyo kwa muda, hana hasira, na akasema polepole, kila silabi mahali pake:

"Simjui huyu."

Shangazi akapiga ukelele. Saidi akafunga macho. Daktari akaacha kutabasamu, akaandika. Na mimi peke yangu katika chumba kile, mimi peke yangu katika Oman nzima, nilijua kwamba Bibi yangu alikuwa na akili timamu kupita wote tuliokuwemo, na kwamba maneno yale nilimpa mimi, na kwamba nikitaka kumtetea ni lazima nieleze yametoka wapi. Nikainama. Nikalia, na Shangazi akanikumbatia, akaniambia usilie, mwanangu, ndiyo maradhi yenyewe, hakukusudia.

Tulipotoka tukapita mahali kula. Wali na nyama, sinia moja. Bibi akanawa, akasema bismillahi, akaanza kula kwa vidole vinne, kidole gumba cha kulia amekikakamaza kimesimama peke yake hakipindi, na wali ukawa unamponyoka unaanguka kifuani. Saidi akageuza uso. Shangazi akaagiza kijiko, akaninong'oneza, "Unaona? Hata kula kunamshinda." Na Bibi akanitazama juu ya sinia, akamega tena kwa vidole vinne.

Sasa yuko Sur kwa Shangazi. Anameza vidonge ambavyo havimhusu. Nikienda Ijumaa nampa shikamoo na ananijibu, "Marahaba, mgeni, karibu," na Shangazi anasema leo hali si mbaya, leo anapokea salamu. Juzuu la tatu nimelimaliza. Tavrin anarudi mbele ya baraza lile lile, mbele ya watu wale wale, anasema namjua, na namna ninavyomjua ni hii, na kidole chake kinapata damu. Kwa hiyo dawa ninaijua. Si kwamba siijui.

Na fursa niliipata. Harusi ya Saidi ilikuwa Ibra, wanawake wale wale wote wamo, dhahabu na udi, na mimi nilikwenda nimeyapanga maneno yangu kwa Kiarabu, vitenzi vyote vya kiume. Mama Khalid akanishika mkono, akaniuliza, bibi yenu hali yake? Nikamjibu anaendelea na dawa. Nikajiambia bado, nitasema baadaye. Kisha Shamsa akaja akakaa karibu yangu, akasogea sana, akasema kwa sauti ya chini, huku macho yanamng'aa kwa hofu na furaha kama mtu aliyebeba kitu chini ya shela, "Dada Raya, nimekisoma. Vyote vitatu. Nimelia. Bibi yenu hakukosea, sivyo? Oseli alikuwa na ndevu."

Nilikuwa nimemngoja mtu wa kuniambia maneno hayo tangu nianze kusoma vitabu.

"Kitabu gani?" nikamwuliza.

Akanitazama, akaelewa, akainuka taratibu akaenda kukaa na wenzake.

Basi, mmetaka mkasa, mkasa ndio huo. Nimejiapiza kwamba sitamhadithia mtu hadithi tena, kwa Kiswahili wala kwa Kiarabu, ingawa najua kiapo cha kunyamaza kwangu mimi si kazi, kunyamaza ndiko nilikobobea. Siku ile ile ya harusi wakaleta wali, sinia kubwa, tukazunguka. Nikakitazama kidole changu gumba, nikakikunja, nikakikunjua. Kilikuwa kizima. Nikamega tonge, nikalisukuma mdomoni, na halikunidondoka hata punje.